Mawe Kumi na Mawili ya Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Hadithi yangu nzito!
— Itue, tukupokee!

Kiangazi kilikausha mito yote, likabaki bwawa moja. Kiboko akalitaka peke yake. "Mwenye nguvu ni mimi. Wengine wote hameni!"

Ukingoni aliishi Sisimizi na mayai yake mia. Kwa jua lile, kuyahamisha ni kuyaua. Akajitokeza.

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Tupimane kwanza. Kesho kila mtu anyanyue uzito wake mwenyewe juu ya kichwa, mpaka mzee Kobe ahesabu tatu. Atakayeshindwa ahame."

Kiboko akacheka, kha kha kha! "Nimekubali!"

"Ila nasikia," aliongeza Sisimizi, "Kifaru alipopimwa alifika mawe tisa. Sijui kama wewe utayafikisha."

Tisa! Kiboko akaingia nyasini. Akala, kwacha kwacha! Akanywa, gu gu gu! Akala tena, akanywa tena, mpaka tumbo likaburuzika chini.

Asubuhi Kobe akalaza gogo juu ya mwamba, Kiboko huku, mawe kule. Mawe tisa, gogo kimya. Kumi, kimya. La kumi na mbili, kwiii! Likasawazika.

"Mmeona? Kifaru si kitu kwangu!"

"Hongera," alisema Kobe, akiyafunga mawe kamba. "Sasa yanyanyue."

Kiboko akayashika. Yakafika magotini. Yakafika kifuani. Yakapanda juu ya kichwa! Sisimizi akafumba macho, akayaona mayai yake yamekauka.

"Moja!" Kobe alihesabu. "Mbili!"

Tumbo likanguruma, ngrrr! Magoti yakacheza. Puu! Mawe chini, Kiboko chini, maji yanamtoka puani.

Zamu ya Sisimizi, Kobe alitumia unyasi: Sisimizi huku, punje ya mchanga kule. Sisimizi akaibeba.

"Moja! Mbili! Tatu!"

"Niongezee, mzee," alisema Sisimizi. Zikafika punje kumi.

"Mchanga tu huo!" Kiboko alifoka.

"Kila mtu na uzito wake, bwana. Ulikubali mwenyewe," alijibu Kobe.

Kiboko akashika njia, tumbo likiburuzika. Mayai yakabaki penye unyevu wake.

Mzigo nimeutua, mwenye bega aubebe. Na funzo lake, wanangu: mwenye nguvu mpishe. Hata Kiboko alimpisha.