Mpiga Picha na Uso Uliokataa Kuonekana

Hadithi hii nilisimuliwa na mtu aliyefanya kazi na mpiga picha mwenyewe, na tangu siku hiyo sijaweza kukaa nayo peke yangu. Isome ukipata nafasi, kisha mpe mwingine.

Alikuwepo mwanamke mmoja mpiga picha za filamu, jina lake Sekela. Hakuianza kazi hiyo kwa kushika kamera. Aliianza kwa kubeba nyaya na kuinua taa kwenye harusi za watu, amesimama juu ya kiti huku wenzake wakila pilau. Kila alipoomba kamera aliambiwa kwamba kamera ni nzito, bega la mwanamke litaiangusha. Hakubishana. Aliendelea kubeba na aliendelea kuomba, akahama kampuni hii akaenda ile, mpaka siku moja mpiga picha wa matangazo akaugua na hapakuwa na mwingine wa kushika mashine. Walipoziona picha zake, habari ya bega ikaisha.

Miaka ikapita. Sekela akapata kazi aliyoitamani tangu ujana wake: kuwa mpiga picha mkuu wa tamthilia ya televisheni. Tamthilia ilirekodiwa Morogoro, katika nyumba kubwa chini ya milima ya Uluguru, nyumba yenye kuta nyeupe pe. Mwenye mali, yaani mtayarishaji, alikuwa Bwana Rwechungura, mtu wa maneno machache. Yeye alikaa Dar es Salaam, akawa anatumiwa picha za kila siku azikague.

Mhusika mkuu aliigizwa na Kabula, binti wa Kisukuma, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kumfanya mtu aache alichokuwa akikifanya. Alipolia mbele ya kamera, hata mpishi alifuta macho. Lakini picha zilipofika Dar es Salaam, Bwana Rwechungura hakuona machozi. Aliona kuta, aliona nguo, na pale palipotakiwa kuwa na uso aliona doa jeusi lenye macho mawili.

Akapiga simu, akataka Kabula apakwe poda nyeupe. Akapakwa, uso ukawa wa kijivu kama wa mtu aliyetoka mashine ya kusaga unga. Akataka waongeze taa. Wakaongeza, kuta zikazidi kuwaka na uso ukazidi kuzama. Mwisho akafunga safari mwenyewe. Akamwita mwongozaji pamoja na Sekela, akawaambia amechoka kutumiwa giza. Alikuwa amepata binti mwingine, anayependeza kwenye picha, aliyesifiwa na rafiki yake. Mzee mwenyewe alikuwa hajapata kumwona, ila kesho angeingia kwa basi la mchana. Kabula aagwe kwa wema, arudi kwao.

Mwongozaji aliinamisha kichwa. Sekela hakuinamisha.

"Bosi," alisema, "uso wa Kabula hauna kosa. Kosa ni la taa, na taa ni kazi yangu."

Bwana Rwechungura akamgeukia. "Unajua unachokisema? Kama kosa ni lako, basi wa kuondoka si yeye."

"Najua. Nipe kesho tu. Nikishindwa, tutaondoka wote wawili."

Akakubali, kwa kuwa basi lilikuwa la kusubiriwa vyovyote vile.

Sekela alirudi chumbani kwake. Alikuwa ametamka neno kubwa, na namna ya kulitimiza hakuijua. Taa alizokuwa akiwasha ndizo alizofundishwa kuwasha: kali, zinazomkabili mtu usoni. Hakuna aliyemfundisha namna nyingine, naye hakuwahi kuuliza.

Kulipokucha alikwenda nyumba ya wageni alikofikia Kabula, ili amweleze mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alichelewa, habari zilikuwa zimeshamfikia. Alimkuta uani, ameketi kwenye kigoda katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Miguuni pake palikuwa na kopo jipya la mkorogo, ile krimu ya kuchubua ngozi.

"Nitapaka, dada," Kabula alisema bila kuinua macho. "Labda kwenye kazi nyingine wataniona."

Sekela alifungua kinywa amjibu, halafu akamtazama vizuri. Kabula alikuwa ametoka kuoga, amejipaka mafuta ya nazi, hana poda hata chembe. Jua halikumpiga usoni. Lilipiga shuka jeupe lililokuwa ubavuni kwake, na shuka likamrudishia mwanga kwa upole, upande mmoja. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa jiko uliokolea masizi. Shavu lake liling'aa kama mbegu ya ukwaju iliyotoka majini, na huzuni yake yote ilisomeka.

Sekela aliona aibu na furaha kwa pamoja. Siku zote hizo alikuwa akimtazama binti huyu kupitia kamera, na hakuwahi kumwona.

"Mdogo wangu," alisema, "hilo kopo usilifungue. Usijichubue kwa kosa langu. Inuka twende kazini."

"Kazini kufanya nini, na mimi nimeshaondolewa?"

"Bado hujaondolewa. Tumwombe mwenye nyumba haya mashuka."

Asubuhi ile watu walidhani Sekela amechanganyikiwa. Alitaka ukuta mweupe ufunikwe kwa pazia la kijani lililokolea. Alitaka taa zote zigeuzwe, zipige kwenye mashuka badala ya kumpiga Kabula. Fundi wa taa alimwambia wazi kwamba hivyo giza litaongezeka, na jaribio la kwanza lilionyesha kwamba fundi hakukosea. La pili lilikuwa na nafuu kidogo tu. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakaulizia chakula.

Sekela aliwaruhusu waende wakale, akabaki na Kabula. Akasogeza shuka, akarudi kwenye kamera, akatazama. Akalisogeza tena. Akaliinamisha, akalileta karibu mpaka likakaribia kumgusa binti bega. Mikono ilimuuma kama enzi zile za harusi, lakini hakuketi. Wenzake waliporudi walimkuta bado anahangaika na pembe moja ya shuka. Ilipofika alasiri akasimama nyuma ya kamera, akasema, "Sasa lia kama ulivyolia siku ile ya kwanza."

Kabula akalia.

Jua lilipopungua makali Bwana Rwechungura aliingia, akaketi mbele ya skrini, wakamwonyesha. Katikati ya picha akavuta kiti mbele. Picha ilipokwisha akaomba irudiwe, na iliporudiwa alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati.

"Rafiki yangu hakunidanganya," alisema. "Binti ndiye huyu. Tuanze naye kesho."

Watu wakatazamana. Mwongozaji akakohoa. Ikabidi Sekela aeleze kwamba basi limeharibikia Chalinze, na mgeni bado yuko njiani.

"Uliyemwona ni Kabula, bosi."

Bwana Rwechungura akageuka. Kabula alikuwa amesimama mlangoni, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukutana macho kwa macho. Mzee akamtazama yeye, akatazama skrini, akamtazama tena.

"Mmempaka nini?"

"Mafuta ya nazi," Sekela alijibu. "Mtu ni yuleyule. Nimebadilisha taa."

Mzee aliinuka, akamwendea Kabula, akamwomba radhi mbele ya watu wote, akisema kwamba alikuwa anamfukuza mtu ambaye hajamwona. Kisha akamgeukia Sekela.

"Ungenyamaza, angeondoka yeye na wewe ungebaki na kazi yako. Kwa nini hukunyamaza?"

"Ningebaki na kazi nisiyoijua, bosi."

Yule mgeni alipofika, amechoka na safari, hakurudishwa. Alipewa nafasi ya rafiki wa mhusika mkuu, na Sekela akakaa naye pia, akitafuta mwanga unaomfaa yeye, kwa maana haukuwa ule wa Kabula. Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, huko Shinyanga mama yake Kabula alitoa televisheni barazani ili majirani wamwone mwanawe, na wakamwona.

Sekela aliendelea na kazi hiyo mpaka nywele zikaingia mvi. Inasemekana kila alipoanza filamu mpya, kabla hajagusa kamera, alimketisha kila mwigizaji karibu na dirisha, mkubwa kwa mdogo, akamtazama tu kwa macho yake mpaka aridhike.

Funzo: Kabla hujasema mtu haonekani, jiulize umemwashia taa ya namna gani; na ukigundua kosa ni lako, lishike wewe mpaka ulitengeneze, usimtwishe aliye mnyonge kuliko wewe.