Kiboko, Pimbi na Gemu ya Kuvuka Mto

— Paukwa!

— Pakawa!

— Kaondokea chenjagaa?

— Kajenga banda akakaa!

— Mwenye tumbo akasemaje?

— "Banda langu, hama!"

Haya, sogeeni. Mwenye bahasha ya vyeti aikalie, ndiyo kazi pekee itakayopata leo.

Hapo zamani, zamani ile ya televisheni zenye chogo, palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, hana pembe, hana mjomba serikalini. Alichokuwa nacho ni pango la mawe ukingoni mwa mto, na ndani ya pango banda la gemu. Televisheni moja, benchi moja, kaseti moja. Na gemu yenyewe ilikuwa inaitwa Vuka Mto.

Picha zake? Usiulize. Shujaa alikuwa kidoti cheupe cha mraba. Hana macho, hana miguu. Kidoti kinapenya tundu la mwamba, kinaruka magogo, kinafika ng'ambo. Basi. Finish. Lakini my friend, wanyama walikuwa wanapanga foleni kabla jua halijatoa kichwa!

Kaseti ilikuwa kongwe, haiwaki mpaka ipulizwe. Hiyo ndiyo ilikuwa mila ya banda. Pimbi anaitoa, anaiinua juu, banda zima linajaza mashavu:

— Fuuu!

Anaichomeka:

— Chaka!

Televisheni inaamka:

— Ti-ti-tiii!

Hapo kelele utadhani bomba la mtaani limetoa maji.

Na sheria ya banda ilikuwa moja: mshindi anakaa, mshinde anainuka. Uwe tembo, uwe siafu, ukifungwa unainuka, huleti maneno.

Sasa, aliyekuwa amekaa ni Bibi Kobe. Alikaa mpaka benchi likapata umbo lake. Na macho ya Bibi Kobe yalikuwa yameingia ukungu, haoni hata mkono wake. Alikuwa anacheza kwa masikio! Gogo likija, gemu inalia ti. Tundu likiwa mbele, inalia tii. Ukifika ng'ambo, ti-ti-tiii. Bibi anainamisha shingo, anasikiliza, kidole kinabonyeza.

"Dunia nzima imenizimia taa, wajukuu zangu," alikuwa akisema. "Imebaki gemu hii tu ndiyo ninayoiona."

Siku moja ardhi ikatikisika. Gubu! Gubu! Gubu!

Nani huyo? Kiboko. Mwenye mto, mwenye ukingo, mwenye matete yote, na bado ana njaa. Akaingiza pua mlangoni, pango likawa giza.

"Pimbi!"

"Naam, mheshimiwa."

"Gemu yenu hii inaniaibisha. Nataka kuirimasta."

"Kuifanyaje, mheshimiwa?"

"Kuirimasta! Kuifanya upya! Picha mpya, sauti mpya, maji yanayong'aa tone kwa tone! Na ngoma na tarumbeta, badala ya hivi vilio vya kifaranga."

Kima, ambaye alikuwa amening'inia darini kwa mkia, akaruka chini. "Tone kwa tone? Mama yangu! Nataka! Nataka sasa hivi!"

Na msijifanye wastaarabu hapo. Hata ninyi mngetaka. Hata mimi ningetaka, nani hapendi kitu kinachong'aa?

Bibi Kobe akauliza taratibu, "Na ile ti, mwanangu, itabaki?"

"Ti imepitwa na wakati, bibi."

"Sawa, fanyeni yenu. Hii ya zamani si mtatuachia? Yenu huko, yetu hapa."

Kiboko akacheka. Gwa-gwa-gwa! Kinywa kikafunguka mpaka Kima akaona chakula cha jana.

"Nikiwaachia ya zamani, mpya ataicheza nani? Kaseti naichukua, naizika matopeni. Kuanzia hapo, mtu akitaka kuvuka mto atavukia kwangu. Na usinitumbulie macho, Pimbi! Ukingo ni wangu, pango liko ukingoni. Toa kaseti ama hama."

Mkia wa Kima ukalegea. Bibi Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba, akabaki humo.

Pimbi atafanya nini? Ngumi hana, wakili hana. Akajikuna tumbo. Akatabasamu.

"Mheshimiwa, nani akatae maendeleo? Ila banda lina sheria, na mkubwa hupendeza akishinda kwa sheria. Tengeneza yako, uje ucheze na Bibi. Wewe yako, yeye yake. Atakayefika ng'ambo kwanza, anakaa. Ukikaa wewe, kaseti ni yako na pango ni lako. Akikaa Bibi, hutuingilii tena."

Kiboko akamtazama kobe kipofu. Akamtazama tena. Gwa-gwa-gwa!

"Naapa kwa mto wangu!"

"Ila nina wasiwasi kidogo," Pimbi akasema.

"Wa nini tena?"

"Gemu kubwa namna hiyo, halafu shujaa awe kidoti? Shujaa angekuwa… hapana, acha tu, nitaonekana najipendekeza."

"Sema, wewe!"

"Angekuwa wewe."

Masikio ya Kiboko yakazunguka firi-firi-firi! "Mimi?"

"Wewe mzima-mzima, mheshimiwa. Tumbo lote. Kila kunyanzi."

"Kila kunyanzi!" Kiboko akanong'ona. Akaondoka anayumba kwa furaha, gubu, gubu, gubu.

Akamwita Buibui. Buibui alikuwa na degree ya kufuma picha, upper second, na alikuwa anakaa kwa dada yake tangu mahafali.

"Kazi ipo," Kiboko akasema. "Mshahara haupo. Utapata exposure."

Buibui akafuma. Akafuma mto, maji yakang'aa tone kwa tone. Akafuma Kiboko, kunyanzi kwa kunyanzi. Kisha akasema, "Bosi, shujaa amekuwa mkubwa, na tundu la mwamba…"

"Nani kakuuliza? Ongeza tumbo!"

Akaongeza tumbo.

"Bosi, lile tundu…"

"Intern anaongea? Ongeza tumbo!"

Akaongeza tumbo. Na mimi ningeongeza! Mnataka ushauri wa msomi, mlipeni msomi. Hamtaki, chukueni tumbo.

Siku ya mchezo ikafika. Asubuhi na mapema Kiboko akatoka mtoni anachuruzika maji na tope. Mlango wa pango mwembamba, lakini yeye mbichi, anateleza. Akaingiza kichwa, akasukuma… teleeee! Akapenya kama sabuni. Akakalia benchi, benchi likasema kra! na halikusema tena. Kima akaleta televisheni mpya kichwani, bapa kama chapati, pana kama mkeka.

"Tuanze!" Kiboko akanguruma.

"Mheshimiwa!" Pimbi akashtuka. "Mgeni aanze kazi hajala? Majirani watanisema!"

Likaja sinia la mihogo. Kiboko akala, ngwamu-ngwamu. Likaja sinia la matikiti. Kiboko akala, ngwamu-ngwamu. Jua likapanda, likayapika mawe, pango likawa tanuri. Tumbo linafura, mgongo unakauka. Pimbi anatazama mgongo, anasema, "Ongeza kidogo, mheshimiwa, mbona unakula kama mgonjwa?"

Mpaka mgongo wa Kiboko ulipokuwa mkavu kama kifuu, Pimbi akainua kaseti.

— Fuuu!

— Chaka!

— Ti-ti-tiii!

"Ushamba huo," Kiboko akasema, akabonyeza yake.

PARAPAPAAA! BUM! Tarumbeta! Ngoma! Vumbi likadondoka darini. Halafu kwenye kioo yakatokea maandishi: INAPAKIA, SUBIRI.

Akasubiri.

Bibi Kobe akainamisha shingo. Tii! Kidoti kikapenya tundu la mwamba. Ti! Kikaruka gogo.

INAPAKIA, SUBIRI.

Ti! Gogo jingine.

Ghafla picha ikafunguka, na haki isemwe jamani: ilikuwa nzuri! Maji yaling'aa. Matete yalitikisika. Katikati alisimama Kiboko mwenyewe, kunyanzi kwa kunyanzi, jua linamlamba mgongoni. Banda zima likasema "Aaaah!" Hata Pimbi alisema.

Kiboko wa gemu akakimbilia tundu la mwamba. Du!

Akarudi nyuma, akachukua mbio. Du!

"Kwa nini hapiti?" Kiboko akafoka. "Mbona hapiti?"

Darini Buibui akakohoa. Nani alikuwa amemwuliza?

Lakini ngojeni, msicheke bado! Zile tarumbeta. Parapapaa, bum, parapapaa, bum. Bibi Kobe akasita. Kidole kikaganda hewani.

"Pimbi, mjukuu wangu," akasema. "Sisikii. Ti siisikii. Sioni kitu."

Na gogo linakuja. Pimbi, mwenye akili zake zote, hili hakuwa amelipigia hesabu. Gogo linakuja. Kiboko akaongeza sauti. PARAPAPAA!

Nani aliyeokoa? Kima! Kima yule yule wa "nataka sasa hivi." Akarukia juu ya televisheni ya chogo, akaliona gogo, akapiga kelele kwa mapafu yake yote:

— TI!

Kidole kikabonyeza. Kidoti kikaruka.

Banda likaelewa. Maana gemu ile nani alikuwa haijui? Walikuwa wameilalia na kuiamkia. Gogo likaja, wanyama wote, wenye midomo na wenye pembe:

— TI!

Kikaruka. Haya, na ninyi msaidieni Bibi, msiniangalie tu! Gogo!

— TI!

Gogo!

— TI!

Na upande wa pili Kiboko: Du! Du! Du! Ameingiza kichwa tunduni, tumbo limebaki nje, miguu inapiga maji yanayong'aa.

Gogo la mwisho!

— TI!

Kidoti kikagusa ng'ambo, na banda zima likalia mpaka mawe yakaitika:

— TI-TI-TIIII!

"Mshindi?" Pimbi akapaza sauti.

"Anakaa!"

"Mshinde?"

"Anainuka!"

Kiboko akainuka, ndiyo, lakini si kwa adabu. Macho mekundu. "Sheria za pimbi ni za mapimbi!" Akaichomoa kaseti, akaibana kwa meno, akaelekea mlangoni kwenda kuizika. Bibi Kobe akapapasa pa kaseti, akakuta patupu. Akaelewa.

Kiboko akaingiza kichwa mlangoni, akasukuma…

Du!

Akasukuma tena. Du! Asubuhi alikuwa mbichi na mwenye njaa. Sasa ni mkavu na ameshiba. Kichwa nje, tumbo ndani, mlango umemshika kiunoni. Nyuma yake kwenye kioo kipana, yule mwenzake wa kunyanzi kwa kunyanzi amekwama vile vile. Huyu du, na yule du!

"Bosi," Buibui akasema kutoka darini, "ndicho nilichokuwa nataka kusema."

Jua la mchana likamshukia Kiboko kichwani. Ngozi ikaanza kuvuta. Ikaanza kuwaka. Mto anauona pale, karibu, unapita zake. Akajikaza, kaseti mdomoni. Akajikaza. Mwishowe akashindwa:

"Maaaji!"

Kaseti ikadondoka. Pimbi, ambaye alikuwa amekwisha kutokea kwenye ufa wa mwamba, akaidaka.

"Maji, Pimbi! Nimwagieni maji, ninapasuka!"

"Maji?" Pimbi akashangaa. "Si unayo kwenye gemu yako, mheshimiwa? Yanang'aa tone kwa tone. Jimwagie."

"Pimbi, mwanangu, nakuomba!"

"Kaseti ya nani?"

"Yenu!"

"Pango la nani?"

"Lenu! Lenu mpaka kiama!"

"Na Buibui?"

"Nitamlipa!"

"Hajasikia."

"NITAMLIPA!"

Basi wadogo wakapitia ufa ule ule, wakaleta maji, mwenye mdomo kwa mdomo, mwenye kibuyu kwa kibuyu. Wakammwagia, wakamsukuma, moja, mbili… teleeee! Kiboko akachomoka, akabiringika mpaka mtoni. Pwaaa!

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko anashinda majini, masikio tu ndiyo yako juu. Anasikiliza kama banda bado limejaa. Linajaa.

Na televisheni yake? Ilibaki. Mali ya mtu haitupwi. Buibui alimwondoa shujaa mwenye tumbo, akarudisha kidoti, akaacha maji yang'ae. Na sauti akaipachika ile ile. Sasa Kima na vijana wanacheza mpya upande huu, Bibi Kobe anacheza ya zamani upande ule.

"Na ti ipo huko kwenu?" Bibi anauliza.

"Ipo, Bibi. Njoo utufunge."

Anakwenda. Anawafunga kote kote.

Sasa funzo, maana najua hamtalala bila funzo. Ngano hii inatufundisha kwamba cha kale kisiguswe kamwe, hata kupulizwa kisipulizwe. Inatufundisha pia kuwaheshimu wenye matumbo, kutowakaribisha chakula, na kufanya kazi bure kwa bidii na uvumilivu, kwani hatimaye bosi atakwama mlangoni na utalipwa. Mimi natafuta mlango wenyewe.

Ngano yangu nimeipuliza vumbi, nairudisha ndani ya kasha. Ikiwa tamu, tuicheze wote. Ikiwa chungu, tunga yako. Hii uiache na makunyanzi yake.

— Fuuu!