Nyungo za Mama Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ungo umejaa, ukapepetwa, ukabaki mtupu.

Itikieni kwa nguvu, nyie wa nyuma. Sisimulii kuta.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima, palikuwa na Nungunungu, fundi wa kusuka nyungo. Kazi aliirithi kwa bibi yake. Chini yake walikuwapo mafundi wawili, Panya na Chiriku. Nyungo zao za kupepetea mahindi zilikuwa hazilali sokoni.

Mwaka mmoja mvua ikawa haba. Wanyama wakaacha mahindi, wakapanda ulezi. Mavuno yalipofika, Nungunungu akapeleka nyungo sokoni, akarudi nazo zote.

"Jamani, kazi yangu ina kasoro gani?" akauliza. Miiba ikamsimama, krrr! Maana akiingiwa na wasiwasi miiba humsimama, mwenyewe hana habari.

"Haina kasoro, mama. Nzuri mno!" wakajibu mafundi.

Kichwa kikamzunguka. Kama ni nzuri, mbona hazinunuliwi? Labda rangi. Akazipaka rangi nyekundu.

Soko la pili, akawauliza wanunuzi. Krrr! "Nzuri mno, mama!" wakasema, wakapita zao upesi upesi.

"Wote wanasifu, hanunui hata mmoja! Nimerogwa, au?" Akashona shanga ukingoni. Lilibaki soko moja tu. Likipita hilo, mavuno yamekwisha, Panya na Chiriku watatafuta riziki kwingine, na kazi ya bibi itamfia mikononi.

Akaenda kwa Digidigi, mteja wake wa siku nyingi. Akamkuta anapepeta ulezi. Lo! Ungo umekandikwa samadi ya Nyati.

"Digidigi! Ungo wangu unaupaka mavi?" Krrr!

"Ni... ni mzuri mno, mama," Digidigi akasema, anarudi kinyumenyume.

Nungunungu akazidi kuchanganyikiwa. Hajamgusa mtu, mbona anakimbiwa? "Unaogopa nini, mwenzangu?"

"Miiba, mama."

Akageuza shingo, akaiona. Aibu ikamshika. Akaenda akaketi, mgongo kaubana ukutani, miiba ikalala.

"Haya, sema. Sibanduki hapa."

"Ulezi unapita, mama. Matundu yako ni ya mahindi. Nimeziba nipate kupepeta."

Akarudi nyumbani, akaegemea ukuta kwanza. "Mlijua kuwa ulezi unapita?"

"Tulijua tangu soko la kwanza," akasema Panya.

"Hata wewe, Chiriku? Wewe usiyenyamaza hata ukila?"

Panya akasogea, akaonyesha sikio lake. "Mwaka juzi nilikuambia ukingo umepinda, mama. Hili ndilo jibu nililopata."

Sikio lilikuwa na tundu la mwiba. Dogo tu, la kupita punje ya ulezi. Nungunungu alilitazama sana, kisha akalia.

"Nisamehe, Panya. Nami nikapaka rangi!"

Wakafumua, wakasuka upya, safari hii wakibana nyuzi. Panya akisema hapa palegevu, panafumuliwa. Soko la tatu walifika na nyungo chache, bila rangi, bila shanga. Jua halijapanda, zimekwisha, na wengine wanauliza, "Nyingine lini?" Digidigi naye akaja na ule wake wa samadi, akabadilishiwa.

Tangu siku hiyo, Nungunungu hakuuliza habari ya kazi yake kabla hajaegemea ukuta.

Basi, wenzangu, fundi asiyeambiwa kasoro hatengenezi kitu, na kiongozi anayeogopwa huishia kulishwa sifa. Ukitaka kweli, laza miiba yako kwanza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Punje ni zenu, pumba nipeperushieni.