Injini Mpya, Breki za Baba

Ndugu zangu, leo nitawaogopesha kidogo. Mnivumilie, kwa maana mimi mwenyewe naogopa.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyerithi gari la baba yake. Gari la zamani, bodi nzito, taa za duara. Marehemu alikuwa akiliendesha taratibu, na watoto barabarani walikuwa wakilipita kwa baiskeli. Mwana akaona aibu. Akalipeleka kwa fundi anayefufua magari ya kale, akamwambia, "Hii injini ya pistoni nne itoe. Nataka kubwa."

Fundi akatafuta. Moja akaikataa, ilikuwa ndefu, feni ingegonga rejeta. Mwishowe akapata ya pistoni sita, akaifunga na kabureta mbili, akakaa siku nne akisikiliza na kurekebisha taimingi mpaka mlio ukawa mmoja, mzito, wa kutetemesha vioo. Kisha akafuta mikono.

"Bosi, injini imekubali. Sasa niachie gari wiki moja nibadilishe breki. Hizi ni za mzee, ziliwekwa kwa ile injini ndogo."

Bwana akacheka. "Breki nani anaisikia, fundi? Jumapili nampeleka mama kwenye ibada ya shukrani. Nataka watu wageuke. Breki utafunga baadaye."

Mnajua mafundi wetu wanavyoijaribu injini? Wanaipeleka kilimani. Ikipanda bila kulalamika wanapeana mikono, kazi imekwisha. Ninyi mmewahi kuona injini ikijaribiwa kwa kushuka?

Basi Jumapili gari likapanda kilima cha kanisani kana kwamba ni tambarare. Watu wakatoka nje, wakapiga makofi. Mchungaji naye alipiga. Mtuwie radhi, sisi wa kazi hii nasi tunapenda muungurumo.

Ibada ikaisha. Nyumbani kwao kulikuwa chini.

Kona ya kwanza breki zikashika. Ya pili zikachelewa, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Kona ya tatu mguu ukazama mpaka sakafuni, na gari likazidi kukimbia.

"Mwanangu, mbona hupunguzi?" mama akauliza.

"Naliacha litembee kidogo, mama."

Mnamwona? Mguu uko sakafuni, na bado anamdanganya mama yake! Akavuta breki ya mkono, ikaja yote mkononi bila kushika kitu. Na mbele yake, pembeni mwa barabara, watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wakirudi makwao. Waliposikia ule mlio wakageuka, wakaanza kupunga mikono. Walidhani anawasalimu.

Akakata usukani kuelekea upande alioketi yeye dereva, akalisugua gari kwenye ukingo wa udongo mpaka likalala mtaroni. Watoto walipona. Mama alivunjika mkono. Yeye miguu yake yote miwili ilibanwa chini ya dashibodi, na hakuitembelea tena.

Vumbi lilipotulia, mama akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani gari halikuwa na breki?"

"Lina, mama. Lina za baba."

Na injini? Injini ilikuwa bado inanguruma mle mtaroni, mlio ule ule mmoja, haina hata mkwaruzo. Fundi alipofika mbio, ndiye aliyeizima.

Sasa tujitazame sisi. Kila wiki tunapanda hapa kuomba: Bwana, niongeze. Nipe cheo, nipe jina, nipe sauti ya kusikilizwa. Na tunapewa. Lakini ni nani aliyewahi kuja mbele hapa akasema, nimepewa kikubwa, na hasira yangu ni ile ile, ulimi wangu ni ule ule, nifungieni breki kabla sijamuumiza mtu? Sijamsikia hata mmoja. Tunapopanda kila kitu kinafanya kazi, na makofi yanatuambia tuko salama. Mimi ni mmoja wa waliowapigia makofi, ndiyo maana siku hizi silali vizuri.

Wewe uliyepandishwa mwaka huu, ndani ya gari lako amekaa nani? Mkeo? Mumeo? Wanao? Wanakuuliza mbona hupunguzi, nawe unawajibu nini?

Tusimame tuombe. Leo sitawaombea nguvu.