Kona Ambayo Namkunda Hakuifagia

"Mdomo wa mbwa hulindwa kwa ufagio." Ndivyo alivyosema mama yule asubuhi, nanyi mkacheka, mkadhani anawafundisha kuchapa mbwa. Aliyeuliza chanzo cha maneno hayo amefanya vizuri kuliko waliocheka. Endeleeni kuchambua maharage, mikono haizuii masikio. Methali hii haikutungwa na mtu aliyekaa chini akafikiri aseme nini. Ilianza kwa msiba, katika kijiji cha Mfinga huko milimani, nyumbani kwa mwanamke aliyeitwa Namkunda.

Namkunda alikuwa mke wa Sempombe, fundi viatu. Zama hizo kiatu hakikutupwa. Mtu alikivaa mpaka vidole vikachungulia nje, ndipo akakipeleka kwa Sempombe, naye akakirudisha duniani. Alifanyia kazi nyumbani kwake, kwenye kona ya ukumbi iliyokuwa na dirisha, ameketi juu ya kigoda. Chini ya dirisha aliweka nyundo, kisu, msharasi wa kutobolea ngozi, donge la nta na kopo la misumari mifupi. Alipokuwa akipiga soli aliibana misumari hiyo midomoni, akaitoa mmoja mmoja. Mkewe alimkanya mara nyingi kwamba iko siku ataimeza. Sempombe hakuweza kujibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa, kwa hiyo alitikisa kichwa tu na kuendelea kugonga.

Mabinti zao walikwisha kuolewa mbali, na nyumba ilikuwa kimya. Siku moja Sempombe akaja na mtoto wa mbwa, mdogo, mwenye masikio makubwa kuliko hekima yake. Alimpa jina la Mwanagenzi, maana kutwa alishinda miguuni pake akitazama kazi kama anayejifunza ufundi. Na kweli alijifunza. Alimwona bwana wake akitia vitu mdomoni, naye akaona ndiyo kazi yenyewe. Alimeza kamba za viatu, alimeza kifungo cha shati, alimeza kizibo cha chupa ya mafuta ya taa. Sempombe alikuwa akimkamata, akampanua taya na kukitoa kitu hicho kwa kidole. Jioni alikunja magoti akaokota chini ya kigoda kila kipande cha ngozi na kila msumari ulioanguka, kisha akafagia. Namkunda alilizoea jambo hilo kiasi cha kutoliona tena.

Kisha Sempombe akafa. Aliinuka kigodani asubuhi moja, akasema kifua kinambana, acha akalale kidogo. Hakuamka.

Sasa, katika kijiji cha Mfinga palikuwa na desturi moja. Mtu akifa, nyumba haifagiwi. Majivu hubaki jikoni na vumbi hubaki sakafuni mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo mfiwa mwenyewe ndiye hushika ufagio wa kwanza, akafagia nyumba yote, wenzake wakamfuata nyuma, na takataka za msiba zikatolewa nje. Baada ya hapo watu hunawa, hula na kurudi makwao. Asiyefagia hajamaliza matanga, hata kama wageni wote wameondoka.

Namkunda alishika ufagio siku hiyo. Alifagia jikoni, akafagia chumbani, akafagia ukumbi. Alipofika kwenye kona ya dirisha akasimama. Pale chini vipande vya ngozi vilikuwa vimetapakaa tangu asubuhi ile ya mwisho, vimezunguka mahali ambapo Sempombe aliweka miguu yake. Katikati palibaki sehemu mbili tupu zenye umbo la nyayo. Namkunda akazitazama, akageuza ufagio.

"Hapa pabaki," alisema.

Nyuma yake alikuwa wifi yake, Nakijwa, dada mkubwa wa Sempombe, mwanamke ambaye maneno yake hayakuwa na sukari. Nakijwa aliiona kona ile na alielewa. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa watu, na si adabu kubishana na mjane mbele ya wageni. Akanyamaza, wageni wakala, wakaenda zao.

Siku zote za matanga Mwanagenzi alikuwa amefungwa kwa jirani. Aliporudishwa aliingia mbio, akaenda moja kwa moja kwenye kona, akazunguka kigoda, akanusa, akalia kidogo. Halafu akaokota kipande cha ngozi chenye harufu ya bwana wake, akakimeza.

Namkunda alihisi kama ameibiwa. Alimkamata, akampanua taya kama alivyoona mumewe akifanya, lakini kitu kilikwisha kwenda. Kesho yake mbwa akameza kingine, na keshokutwa akala nta. Kila asubuhi Namkunda alikuwa akienda pale dirishani kabla ya kuwasha moto, akizitazama nyayo zile mbili, na kila asubuhi aliona vipande vinavyozizunguka vimepungua. Alimchukia mbwa yule, na chuki hiyo ilimwumiza, maana ndiye kiumbe pekee aliyekuwa akimpokea mlangoni.

Basi akaanza vita. Alimfunga kamba ya katani kwenye mguu wa kitanda, Mwanagenzi akaitafuna kamba na sehemu yake akaimeza. Akaweka mbao kuizungushia kona, lakini mbwa mdogo hupita pale panapopita panya. Akapaka pilipili vipande vya ngozi, mbwa akapiga chafya, akanywa maji, akarudi. Mwisho alisuka kikapu kidogo cha ukindu cha kumvisha mdomoni, kama wanavyovishwa ndama wanaoachishwa kunyonya. Mwanagenzi alikisugua ukutani mpaka kikatoka, na msiniulize alikifanya nini baadaye. Majirani walisikia kelele za nyumba ile wakasema mbwa huyo hana adabu, na atafutwe mtu mwenye fimbo.

Hakuna hata mmoja aliyesema habari za kona. Walioiona waliona ni heshima kwa marehemu.

Ikafika asubuhi ambayo Mwanagenzi hakuja kupokea chakula. Namkunda alimkuta nyuma ya mlango, amejikunja, mgongo umeinuka, anahema kwa shida. Alimgusa tumbo, likawa gumu, na mbwa akalia kwa sauti ndogo. Pale kwenye kona kilikosekana kipande kimoja alichokijua vizuri, kile cha kisigino ambacho Sempombe alikuwa amekwisha kukipigilia misumari. Namkunda alimfunga mbwa kwenye kanga, akambeba kama mtoto mchanga, akashuka mteremko hadi kwa wifi yake.

Nakijwa alikuwa akitwanga. Aliacha mchi akamfunua mbwa.

"Amekula nini?"

"Sijui, wifi."

"Unajua."

Namkunda akainamisha uso. "Kisigino cha pale kwenye kona. Kilikuwa na misumari."

Nakijwa akainjika chungu. Alisonga ugali laini, akauchanganya na mlenda mzito, akachukua sahani na kumwambia Namkunda warudi kwake, maana mgonjwa hulala kwao. Walipofika walimlisha mbwa kwa vidole, kidogo kidogo, wakimshika shingo ili asiteme.

"Huu utaifunika misumari," alisema Nakijwa. "Ikipita, imepita. Isipopita, tutachimba kaburi tena."

Wakakaa. Mbwa alilala juu ya kanga akiwatazama. Namkunda hakuweza kuyavumilia macho yale.

"Wifi, akipona nifanyeje? Nimemfunga kamba, ameitafuna. Nimemvisha kikapu, amekivua. Pilipili ameizoea kama mtu mzima. Nimelinda kila kitu cha chumba hiki, nimechoka."

Nakijwa aliinuka, akachukua ufagio nyuma ya mlango, akamnyooshea. Namkunda aliupokea, akamtazama mbwa, akautua magotini.

"Siwezi kumpiga naye yuko hivi."

"Nani kakwambia umpige?" Nakijwa aliuliza, na kwa kidevu akaonyesha kwenye dirisha.

Namkunda akaelewa. "Pale siwezi."

"Kwa nini?"

"Nyayo zake ziko pale, wifi. Nikifagia sitajua tena alikaa wapi."

 Nakijwa naye alikuwa hajakaribia ile kona tangu siku ya matanga. Alipotembelea nyumba hiyo alikuwa akikaa upande wa mlango, uso ameuelekeza nje.

"Mimi Sempombe nilimbeba mgongoni kabla wewe hujamjua," alisema Nakijwa. "Kama nyayo zingemrudisha, ningehamia hapa nikazilinda pamoja nawe. Lakini hazirudishi mtu. Ndugu yangu ametuachia kimoja tu kinachopumua, ndicho hiki, na wewe unakilisha misumari."

"Simlishi mimi. Anaiba mwenyewe."

"Unamlisha. Kila siku unamwandalia sakafu, halafu unamlaumu kwa kula. Mumeo, wewe ulimwona akimpiga mbwa huyu? Ulimwona akimfunga mdomo?"

Namkunda akajaribu kukumbuka. Alimwona Sempombe jioni, amekunja magoti yaliyokuwa yakimuuma, anapapasa chini ya kigoda kwa kiganja, anaokota. Kwa miaka yote ile alidhani mumewe alipenda unadhifu tu. Hakuwahi kujua kwamba ule ndio ulikuwa ulinzi, na kwamba mzee alikuwa akimpenda mbwa wake kwa namna hiyo, kwa magoti na kiganja.

Aliinuka na ufagio. Aliziondoa mbao, akakisogeza kigoda. Kwanza alipiga magoti akaokota kwa mkono, na alichokiona kilimtisha. Chini ya vile vipande, ndani ya vumbi, palikuwa na misumari mingi kuliko alivyowahi kudhani, iliyomwagika asubuhi ile ya mwisho, mingine imesimama ncha juu. Aliijaza kiganjani, akaimimina katika kopo, akarudi tena. Ilipokwisha, akasimama na kufagia. Ufagio ulipita mara moja tu juu ya zile nyayo mbili, zikawa sakafu kama sakafu nyingine.

Ndipo Namkunda akalia. Siku ya mazishi watu walikuwa wamemsifu kwa subira. Sasa alilia kwa sauti, huku akizidi kufagia, akizisukuma taka kuelekea mlangoni, naye Nakijwa hakumnyamazisha. Nakijwa alichukua kipande cha ungo, akazizoa taka zile, akaenda kuzitupa mbali. Alikaa huko nje kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji kazi ya kutupa taka. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, na hakutaka kuulizwa.

Kutwa nzima waliendelea kumlisha mbwa mlenda. Hawakuwa na hakika ya lolote. Namkunda alijua kwamba huenda ameifagia kona kwa kuchelewa, kwamba huenda amempoteza mume, akazipoteza nyayo, na sasa anampoteza na huyu. Alikaa sakafuni na kichwa cha mbwa mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuwa akilinda kitu cha marehemu. Alikuwa akimlinda aliye hai, na aliogopa kuliko zamani.

Kesho yake, jua lilipokuwa limepanda, Mwanagenzi akainuka, akipepesuka, akatoka nyuma ya nyumba. Nakijwa akamfuata na kijiti. Alikuwa mwanamke asiyeona haya mbele ya kazi ya lazima. Alichungua, akachokoa, akahesabu kwa midomo, kisha akamwita wifi yake.

"Imetoka," alisema. "Mungu ni mkubwa, na mlenda nao umefanya yake."

Mwanagenzi aliporudi ndani alikwenda kwenye kona kama kawaida. Alinusa sakafu, akazunguka. Alitafuta cha kutia mdomoni, asikione. Basi akajilaza pale pale chini ya dirisha, akaweka kidevu juu ya miguu, akalala usingizi. Namkunda alikivuta kigoda, akaketi karibu naye. Tangu siku hiyo akawa anafagia kila jioni, na akifika kwenye kona alikunja magoti kwanza, akapapasa kwa kiganja.

Wanawake wa kijiji waliona mbwa ametulia, wakaja kuuliza dawa, kwa kuwa nao walikuwa na mbwa waliomeza vijiko na visigino vya soksi. Namkunda aliwajibu kwa kifupi: "Mdomo wa mbwa hulindwa kwa ufagio." Wakaenda wakawachapa mbwa wao. Mbwa wakalia, wakaendelea kumeza. Wakarudi wakilalamika kwamba amewadanganya, naye akawaingiza ndani, akawaonyesha sakafu, akawasimulia yote bila kujificha, pamoja na ile kamba, kile kikapu na pilipili. Wenye akili walirudi makwao wameinamisha macho, wakaanza kuokota.

Ndiyo maana leo hamtasikia methali hii ikitumika kwa mbwa peke yake. Huambiwa mzazi anayemgombeza mwanawe kwa kuchezea kisu, na kisu amekiacha yeye mkekani. Huambiwa pia mtu aliyefiwa, au aliyeachwa, au mwenye kinyongo cha siku nyingi, anayekataa kukiondoa kilichoanguka kwa sababu anakipenda. Yeye hukitazama tu, hakimdhuru. Anayekimeza ni yule mdogo anayeishi naye nyumba moja. Kumpiga huyo mdogo ni rahisi, na kumfunga ni rahisi. Kuinama ndiko kugumu, kwa sababu anayeinama hukiona kile alichokuwa akikiacha.

Namkunda aliinama akiwa analia, na mbwa akaishi. Mdomo wa mbwa hulindwa kwa ufagio.