Kaburi la Mafungu Mawili

Mpo?
— Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo.
Basi sogezeni kuni, na mdomo uliojaa karanga ufungwe. Nikiuliza "nguo ya nani?", nanyi mniulize vivyo hivyo, "nguo ya nani?"

Zamani za kale, kabla ya babu wa babu yangu, palikuwa na mbuga iliyoitwa Luseni. Jina hilo maana yake ni udongo wa kichanga. Juu, hadi magotini pa mtu mzima, palikuwa na mchanga wa rangi ya majivu. Ukiushika, ulipita katikati ya vidole kama mgeni asiyetaka kulala. Mvua ikinyesha asubuhi, jioni mchanga ulikuwa mkavu. Lakini chini yake palikuwa na udongo tifutifu, mweusi kidogo, wenye ubaridi. Huo ukiuminya, alama za vidole vyako zilibaki.

Watu wa Luseni walilima uwele na njugumawe katika vipande vidogo, na kati ya kipande na kipande waliacha nyasi. Walikuwa maskini, ila walikula.

Tifutifu waliujua kwa sababu moja tu. Waliuona wakichimba makaburi.

Nao walikuwa na desturi. Wachimbaji walitenga mafungu mawili, fungu la mchanga upande wa jua kuchwa, fungu la tifutifu upande wa jua kuchomoza. Katika kufukia, kilichotoka mwisho kilirudi kwanza. Tifutifu chini, mchanga juu. Kisha mama wa marehemu alitupa konzi ya uwele juu ya kaburi, ili ndege wapate kula, wasimwombe marehemu chakula. Katika mchanga mtupu uwele huo haukuota.

Katika mbuga hiyo aliishi mjane aitwaye Nkwimba. Alizaa mapacha, Kulwa na Doto, wakafa wangali mgongoni. Akazaa mtoto mwingine, akaitwa Shija, kwa kuwa anayewafuata mapacha huitwa Shija. Mume wake akafa. Mwaka wa njaa, Shija naye akafa.

Mchimbaji wa kaburi alikuwa Luhende, ndugu wa marehemu mume wake. Wingu lilikuwa limetanda, na Luhende alikuwa na mbuzi nje. Akafukia haraka, mchanga chini, tifutifu juu.

Nkwimba akasema, "Shemeji, umepindua."

Luhende akasema, "Udongo ni udongo, shemeji. Mtoto hajui."

Nkwimba alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha. Akatupa konzi yake ya uwele, akarudi nyumbani.

Mvua ikanyesha. Uwele ukaota juu ya kaburi la Shija. Ukafika kiunoni, ukafika begani, ukampita mtu kichwa, na masuke yake yalikuwa manene kama mkono wa mtoto.

Luhende akauona. Akauzunguka mara moja, akauzunguka mara mbili, akauzunguka mara tatu. Kisha akawaita watu wote, akavunja suke, akalipukuchua mbele yao.

"Tumekuwa wajinga," akasema. "Tunalala njaa juu ya kifuniko cha chungu. Tung'oe nyasi. Tufukue mchanga, tuupeleke chini. Tifutifu tuulete juu. Mbuga nzima iwe kama kaburi hili."

Mzee mmoja akauliza, "Na mchanga hautaudhika?"

"Udongo ni udongo, baba. Una mdomo?"

Watu wakacheka, kwa kuwa walikuwa na njaa.

Katika mbuga ile aliishi pia Mhanga. Wengine humwita nungunungu, nao hukosea. Nungunungu ana miiba. Mhanga ana masikio ya punda na pua ya nguruwe, naye hula mchwa. Jioni jua likizama akatoka shimoni, akamkuta Luhende aking'oa nyasi. Akaimba:

Mchanga hubeba jua,
tifutifu hubeba maji,
nyasi huwashona wawili.
Ukikata uzi, nguo ya nani?

— Nguo ya nani?

Luhende akasema, "Tazama anayesema. Wewe si unachimba kila siku?"

Mhanga akajibu, "Mimi nachimba mlango. Wewe unapindua nyumba."

"Nenda kale mchwa wako, masikio."

Mhanga akaenda zake.

Watu wakalima kwa zamu na kwa nyimbo, majembe yakipanda na kushuka. Wakapindua upande wa mashariki. Wakapindua upande wa magharibi. Wakapindua katikati. Kikabaki kipande kimoja chenye nyasi, kipande cha Nkwimba, alipolala Shija.

Luhende akaja na watu wake.

"Shemeji, kipande chako kimebaki kama kiraka cha nguo."

"Kibaki."

"Asiyelima nasi hatakula nasi."

"Nimesikia."

"Kaburi la mwanao ndilo lililotufundisha. Kwa nini wewe peke yako hujifunzi?"

Nkwimba akamtazama. "Ule uwele, shemeji, wewe uliula?"

"Niliula. Mtamu."

"Mimi sikuula," akasema Nkwimba.

Watu wakainamisha macho. Wakaondoka, na tangu siku hiyo hakuitwa kwenye kazi wala kwenye pombe.

Mwaka ule mavuno yalijaza maghala. Waliosali walisali, wanywaji walilewa. Nkwimba alikula njugumawe zake kidogokidogo, akawasikia wakiimba ng'ambo ya nyasi. Jioni moja akaenda kwenye kaburi la Shija akiwa na kibuyu cha maji na mikono yake tu. Akapiga magoti, akaanza kufukua.

Mhanga akatoka. Akauliza, "Mama, unamfukua mtoto?"

"Sifukui. Narudisha."

Akatoa tifutifu, akauweka upande wa jua kuchomoza. Akatoa mchanga, akauweka upande wa jua kuchwa. Alipoanza kuiona ile nguo aliyomfungia mwanawe, akaacha. Hakuigusa. Mhanga akageuza uso wake wenye pua ndefu akatazama kwingine, kwa maana hata mnyama ana adabu.

Kisha Nkwimba akarudisha. Tifutifu chini, mchanga juu. Akang'oa shina la nyasi na mizizi yake mirefu, akalipanda pale, akalimwagia maji ya kibuyu. Uwele haukuota tena juu ya Shija.

Mwaka wa pili mvua ikapiga tifutifu usio na kitu juu yake. Ukagandamana, ukawa gamba gumu kama chungu kilichochomwa. Maji yakateleza juu yake yakaenda zake. Yale machache yaliyoingia yakaukuta mchanga chini, na mchanga hauna mfuniko wala kitako. Yakapita. Uwele ukafika magotini ukakauka.

Mhanga akaja, mbavu zikihesabika, kwa kuwa nyasi zilipokwisha mchwa nao walikwisha. Akaimba:

Mchanga hubeba jua,
tifutifu hubeba maji,
nyasi huwashona wawili.
Ukikata uzi, nguo ya nani?

— Nguo ya nani?

Luhende akasema, "Ni mwaka mbaya tu. Mwakani tutachimba zaidi."

Wakachimba zaidi. Jua likalisaga gamba likawa vumbi. Mwaka wa tatu upepo ukaja, ukauchukua tifutifu. Ukapita juu ya nyumba kama moshi mweusi, ukaenda nchi ambazo hatuzijui majina. Kilichobaki kilikuwa mchanga, na mchanga nao haukuwa na nyasi ya kuushika. Ukatembea. Ukaingia visimani, ukaingia maghalani, ukaingia kwenye uji wa watoto.

Mhanga akaja mara ya tatu. Hakuimba ubeti wote. Alisema tu, "Nguo ya nani?"

— Nguo ya nani?

Luhende alikuwa amelala mkekani, na kikohozi cha vumbi kilikuwa kifuani. Mhanga akaondoka Luseni. Hakuonekana tena.

Luhende akafa.

Vijana wakaenda kumchimbia mashariki. Walipofika magotini, mchanga ukatiririka kutoka pembeni, kaburi likajifunga. Wakachimba magharibi, likajifunga. Wakachimba katikati, likajifunga, na kijana mmoja akavutwa nje mchanga ukiwa umemfika kifuani. Maiti alikuwa juani amefunikwa mkeka, na fisi walikuwa wamekwisha kupata habari.

Wakabaki wakitazamana. Kisha wakatazama kule kwenye nyasi.

Wakamkuta Nkwimba akipepeta njugumawe. Mke wa Luhende akapiga magoti.

"Dada, nimekuja na aibu yangu."

"Aibu yako iache mlangoni, mwenzangu. Sema."

"Amekosa mahali pa kulala."

Nkwimba akaendelea kupepeta. Katika kile kipande, nje ya shamba la njugumawe, palikuwa na nafasi ya kaburi moja tu, kando ya Shija. Kila mtu aliijua, kwa kuwa alikuwa ameizungushia mawe. Ilikuwa yake mwenyewe.

Akaweka ungo chini. Akaenda mbele yao, akaanza kuyaondoa mawe, moja moja.

"Chimbeni hapa," akasema. "Nyasi zitoeni na mizizi yake, mziweke kivulini."

Wakachimba. Mchanga ukatoka, kisha tifutifu, na kuta za kaburi zikasimama wima kama zilizokatwa kwa kisu. Walipomlaza Luhende, kijana mmoja akashika jembe akalielekeza kwenye fungu lililokuwa karibu. Lilikuwa la mchanga.

Akasema, "Udongo ni…"

Nkwimba alisubiri. Kijana akazunguka upande wa pili, akaanza na tifutifu.

Baada ya hapo watu wa Luseni walihama, kila ukoo na njia yake, na kila ukoo ulipita kwanza kwa Nkwimba kuomba shina moja la nyasi na mizizi yake. Aliwapa. Yeye hakuhama. Alizikwa wapi, walionisimulia hawakujua, nami sitataja nisilolijua.

Ngano imefika mwisho wa kamba yake. Inafundisha hivi: kilicho chini kina sababu ya kuwa chini, na kilicho juu, hata kikiwa maskini, huenda ndicho kinachowalinda wote. Asiyejua kurudisha asifukue.

Nami nimeisimulia kwa bei ya karanga ambazo mmekwisha kuzimaliza. Siku mtakaponizika mimi, hotuba sizitaki. Hesabuni mafungu tu. Likiwa fungu moja, nitakohoa.