Gogo Halisemi

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla sange hajaanza kuishi kwenye kijia chake peke yake, watoto wa wanyama walikuwa na mchezo wa kukimbizana walioupenda kuliko chakula. Waliuita gogo. Na sange mnamjua? Ni yule mdogo kama ngumi, mwenye pua ndefu na miguu kama njiti, ambaye ukisema "yule pale" ameshapita.

Mchezo ulikuwa hivi. Mmoja anakimbiza, wengine wanakimbia. Akikugusa anasema, "Gogo!" nawe unasimama papo hapo. Husogei wala huongei, maana gogo halisemi. Unasubiri mwenzako apite mbio, akuguse bega na kupaza sauti, "Chipua!" Basi unakuwa mzima tena, nduki!

Na kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa hii: gogo haliachwi. Mwenzako akisimama, lazima umfuate.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Wazazi walitoka alfajiri kwenda mbali kuchimba mizizi, wakawaacha watoto uwanjani, kando ya bwawa lililokuwa likikauka. Siku moja Fisi akatokea, akichechemea, mbavu zikihesabika.

"Hodi, watoto! Mnacheza nini?"

"Gogo, Bwana Fisi!"

"Nami nicheze? Mimi sina wa kucheza naye. Nikipita tu, watu wanacheka mwendo wangu."

Watoto wakamhurumia. Wakamfundisha kanuni zote, moja baada ya nyingine, naye akasikiliza kwa makini sana.

Fisi akawa mkimbizaji. Ndi, ndi, ndi! "Gogo!" Mtoto wa Kindi akasimama. "Gogo!" Mtoto wa Digidigi akasimama. Walisimama vizuri, kama walivyolelewa. Wengine walipokimbilia vichakani, Fisi aliwachukua wale wawili kama anayeokota kuni.

"Wenzetu wako wapi?" watoto waliuliza.

"Wamechoka. Nimewarudisha kwao."

Wakaamini. Mwaka ule familia nyingi zilikuwa zinahama kutafuta maji, na asiyeonekana leo alidhaniwa amehama. Mama Digidigi alimtafuta mwanawe kila jioni, akaambiwa labda amefuatana na waliohama. Fisi akazoea kuja.

Sasa, palikuwa na dada wawili, watoto wa sange. Mkubwa aliitwa Sange tu, maana ndiye aliyejulikana kwa mbio. Mdogo aliitwa Kidoti. Tangu siku ile Kidoti alikuwa hali vizuri.

"Una nini?" Sange alimuuliza.

"Digidigi aliguswa, akasimama, akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi, dada. Nikaogopa, nikachelewa. Niliporudi, hayupo."

"Amerudi kwao, mdogo wangu."

"Mbona hakuaga?"



Asubuhi moja moto ulizimika jikoni kwao, na Sange akatumwa kwa jirani kuomba kaa la moto. Jirani wa karibu alikuwa Fisi. Hakumkuta. Alikuta watoto wake watatu wamekaa mlangoni, vichwa vikubwa, shingo nyembamba. Mdogo wao alivaa ushanga mwekundu wenye fundo la buluu.

Sange aliufahamu ushanga huo. Mama Digidigi alimtungia mwanawe.

"Mzuri," Sange alisema. "Umeupata wapi?"

"Baba ameniletea," mtoto alisema, akiugusa kwa kidole kimoja. "Analeta na nyama. Zamani tulikuwa hatuli."

Sange alichukua kaa lake, akaondoka. Njiani kaa likazima, asijue.

Alimwambia mama yake. Mama alikaa chini. "Msiende tena uwanjani," alisema.

"Mama, tusipoenda atatufuata humu. Mlango wetu ni wa majani."

Mama akautazama mlango. Ni kweli, ulikuwa wa majani.

Kesho yake Fisi alipofika uwanjani, Sange alikuwa wa kwanza kumsalimu.

"Shikamoo, Bwana Fisi!"

"Marahaba. Leo mko wanono... aa, mko wengi! Haya, nianze kukimbiza."

"La! Kila siku wewe tu? Mimi leo nakimbiza."

"Wewe? Kadude kama wewe unikimbize mimi? Ha ha haaa!"

"Unaogopa kukamatwa na kadude?"

Watoto wakaangua kicheko. "Fisi mwoga! Fisi mwoga!"

"Na tena," Sange akaendelea, "mchezaji akiwa gogo akakataa kusimama, mchezo unavunjika. Hakuna atakayerudi kesho. Hata mmoja."

Fisi aliwatazama wale watoto tisa. Akafikiria kesho, na kesho kutwa. "Nani amekataa? Mimi nafuata kanuni kuliko ninyi. Lakini haraka, zamu yako ikiisha ni yangu."

"Tukimbilie pale bwawani, hakuna miiba."

Bwawa lilikuwa limekauka juu tu. Watoto walikimbia juu ya gamba lake kila siku, na halikuvunjika, maana walikuwa wepesi. Sange alijua. Alikuwa ameichomeka pua yake ndefu katika nyufa zake, akakuta chini ni tope kama uji.

Haya! Fisi akatoka mbio, ndi, ndi, ndi, akicheka. Sange nyuma yake, tiri-tiri-tiri-tiri! Anayekimbia hazami upesi. Walipofika katikati, Sange akaruka, pa! Akamgusa mgongoni.

"Gogo!"

Fisi akasimama. Alisimama vizuri sana, mkia umenyooka, ili watoto wamwamini.

Kwaa! Gamba likapasuka. Tope likamfika vifundoni.

"We Sange, chini hapa..."

"Gogo halisemi, Bwana Fisi."

Akanyamaza. Kesho, na kesho kutwa. Tope likamfika magotini. Watoto walisimama ukingoni, wanamtazama. Lilipofika tumboni, akasahau mchezo, akavuta mguu mmoja, na mitatu ikazidi kushuka. Chubwi! Chubwi!

"Nichipusheni! Watoto, gogo haliachwi! Ninyi wenyewe mlinifundisha!"

Hapo Kidoti akachomoka kama mshale.

Sange alimdaka hatua mbili ndani ya bwawa, akamwangusha, akamlalia.

"Niache, dada! Anasubiri! Safari hii sichelewi!"

"Huyo hachipushwi."

"Kanuni inasema haliachwi! Wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Basi umesema uongo!"

Sange hakumwachia. Kidoti alimng'ata mkono, na Sange akavumilia kung'atwa.

"Sange," Fisi alisema. Sasa hakupiga kelele. "Watoto wangu hawajala."

"Najua. Niliwaona."

"Ulitaka nifanye nini?"

Sange alitafuta jibu. Analitafuta mpaka leo. Tope lilifunika mgongo, kisha masikio, kisha likatulia, laini, kama halikumeza kitu.

Hakuna aliyeshangilia, wanangu. Watoto walirudi makwao mmoja mmoja. Kesho yake waliitana uwanjani, wakajaribu kucheza. Kindi mmoja akamgusa mwenzake, "Gogo!" Yule mwenzake akakimbia. Akagusa mwingine, akakimbia. Hakuna aliyesimama tena, na asiyesimama hawezi kuchipushwa. Mchezo ukaisha kabla jua halijapanda.

Kidoti hakumsemesha dada yake siku nyingi. Alifagia kijia chake chembamba kati ya majani makavu, akakimbia humo peke yake, na jani likimgusa tu anatoweka. Mpaka leo sange wanafanya hivyo.

Sange mkubwa naye, jioni ile ile ya bwawani, alipita tena kwa Fisi, maana kwao moto ulikuwa bado haujapatikana. Watoto watatu walikuwa mlangoni.

"Sange, umemwona baba?" aliuliza yule mwenye ushanga.

"Yuko uwanjani."

"Bado anacheza?"

Sange alitazama chini. "Bado."

"Basi tutamsubiri," mtoto alisema, akawasogelea wenzake ili apate kukaa sawasawa.

Nayo hadithi imekaa hapo walipokaa wao, na funzo lake ni hili: anayegeuza mchezo kuwa mtego huwaua hata wale watakaookoka, maana hawatacheza tena.